Kilo Alizozishusha Perez Aoko

Kwaya ya akina mama ilipoamua kushona sare mpya za kongamano la Pasaka, kazi alipewa Perez Aoko, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa fundi wa nguo kanisani pale, na tena mwenyewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Kitambaa kililetwa kikiwa kimekatwa tayari, mita tatu kwa kila mtu. Perez aliwapima wenzake kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, akaandika vipimo vyao daftarini, kisha akampa Agneta tepu ampime yeye. Agneta Nabututu alikuwa mshonaji mwenzake, mwanamke kutoka Bungoma aliyeweka cherehani chake katika kibanda hicho hicho cha Perez huko Nyalenda, mjini Kisumu. Agneta alipima, akarudia kupima, akasema kwa sauti ya chini kwamba mita tatu hazitatosha.

Basi Perez akaenda kumwomba mwenyekiti wa kwaya, Mama Kageha, mita moja ya nyongeza. Hakumwomba mbele za watu. Lakini Mama Kageha alikuwa mtu wa kusema kila jambo mbele za watu, na jioni ile kwenye mazoezi akatangaza kwamba kitambaa kimepungua, kwa kuwa kwaya ina waimbaji ishirini lakini mmoja wao ni wawili. Akina mama wakacheka. Perez naye akacheka, tena akawapita wote, kama afanyavyo mtu anayetaka kicheko kiishe upesi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na uzito wa kilo themanini na nane. Kesho yake asubuhi hakutia kitu kinywani.

Hakuzaliwa mnene. Huko kwao Pap Onditi, Nyakach, alikuwa mtoto mwembamba hata kaka yake Odongo akamwita Togo, jina la mafunjo yale yaotayo kandokando ya ziwa. Odongo alikuwa fundi mwashi mjini Kisumu, kijana wa maneno mengi, na kila alipokuja nyumbani alimbeba Perez mabegani akisema anaogopa upepo usije ukamchukua. Kisha mwaka mmoja Odongo alirudi nyumbani akiwa hawezi kumbeba mtu. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa, na suruali aliifunga kwa kamba. Miaka ile ugonjwa ule haukuwa na dawa ambayo watu wa Nyakach wangeweza kuipata, na haukutajwa kwa jina. Watu waliangalia tu mwili wa mtu, wakajua.

Perez, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyemlisha kaka yake uji kwa kijiko. Odongo alikuwa akimeza vijiko viwili, kisha anageuza uso ukutani. Mama yao alikuwa akikaa pale na bakuli mkononi hadi uji unaganda juu. Baada ya kumzika, mama hakumruhusu tena mtoto yeyote wa nyumba ile kuinuka akiacha chakula kwenye sahani. Alikuwa akisema mwili haujengwi kwa matofali, kisha anaongeza upawa mwingine, na akishaongeza anakaa kuangalia. Perez alijifunza kula hadi mwisho hata akiwa ameshiba, kwa maana alipomaliza, mama aliondoa macho yake na kwenda kufanya mambo mengine, na hapo nyumba nzima ilipumua.

Alipoolewa na Absalom Obiero, mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mwili wake ulikuwa umeanza kujaa, na baada ya watoto watatu ukajaa kabisa. Hakuna aliyelalamika. Wakwe zake kule Sondu walimsifu mtoto wao kwamba analisha mke. Wateja walimwambia fundi mwenye mwili mzuri hushona nguo nzuri. Hakujua kwamba anaona haya hadi siku ile ya mita tatu za kitambaa.

Mara ya kwanza alijinyima kwa kabichi. Kuna mteja aliyemwambia kwamba dada yake alipungua kwa kula kabichi ya kuchemsha na mayai, basi Perez akala kabichi ya kuchemsha na mayai, mchana na jioni, kwa muda wa miezi mitatu. Nyumba ikanuka kabichi. Watoto walikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, wakimtazama kwa huruma. Agneta, ambaye hakuweza kufanya kazi saa nne bila chai na mandazi, alihamisha kikombe chake nje ya kibanda ili harufu isimtese mwenzake, akawa anakunywa chai amesimama kando ya mtaro. Perez akapungua kilo kumi na moja. Siku ya kongamano alivaa sare ya mita tatu, na ikamkaa. Kisha Pasaka ikapita. Akala chapati moja kwa kujipongeza, na chapati ile ikawa kama mlango ulioachwa wazi. Kufikia Desemba kilo zote kumi na moja zilikuwa zimerudi na kuleta tatu nyingine.

Mara ya pili, miaka minne baadaye, ilikuwa majani ya chai. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alikuwa akiyauza sokoni kwa pakiti, akisema yanayeyusha mafuta. Kilichoyeyuka ni tumbo la Perez. Alikuwa akikimbilia chooni mara sita kwa siku, akirudi kwenye cherehani, lakini mizani ilikuwa ikishuka, naye akavumilia. Alishuka kilo tisa. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, madhabahu ilimzunguka, akaanguka kutoka jukwaani juu ya mpiga ngoma, mzee Wakhungu, ambaye tangu siku hiyo aliomba akina mama wa sauti ya pili wasimame upande mwingine. Chai akaiacha. Kilo zikarudi, kama kawaida yake, na nyongeza juu.

Kati ya hizo mara mbili kulikuwa na majaribio madogo yasiyohesabika. Kulikuwa na wiki za maji ya ndimu, wiki za matunda peke yake, na mfungo wa kanisa wa siku saba ambao Perez aliufanya siku kumi na nne, na hakuwa akimwomba Mungu jambo lolote ila lile moja. Kila alipoanza alikuwa na furaha ya mtu anayehamia nyumba mpya. Kila aliposhindwa alijiambia kwamba yeye ni mtu dhaifu, na akaamini, maana hakuna aliyemwambia vingine.

Alipofikisha miaka thelathini na tisa na kilo mia moja, akaanza safari kubwa kuliko zote. Alikula mlo mmoja tu kwa siku. Kila alfajiri alitembea kutoka Nyalenda hadi Dunga, kule ufukweni ambako wanawake hungoja samaki, kisha akarudi kufungua kibanda. Agneta alimsindikiza wiki mbili za kwanza, akakubali kwamba magoti yake hayakuumbwa kwa mambo hayo. Perez aliendelea peke yake, jua na mvua, miezi kumi. Alishusha kilo ishirini na mbili. Siku moja akaingia nyuma ya pazia la kupimia na gauni alilojishonea zamani, kabla ya mtoto wa tatu, la kiuno cha inchi thelathini na nne. Vifungo vyote vikafunga. Agneta alimsikia akilia kule nyuma, akasimamisha cherehani chake, akangoja.

Mwanzoni watu walimpongeza. Baadaye pongezi zikapungua, na watu wakaanza kuteremsha sauti wakiwa naye. Mteja mmoja alimletea njugu karanga, mwingine asali, bila kueleza sababu. Mama Kageha, ambaye miaka minane nyuma alimwita watu wawili, alimkumbatia mlangoni mwa kanisa kwa upole usiokuwa desturi yake, na katika maombi ya wagonjwa jina la Perez likasomwa. Perez alidhani ni makosa ya karani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mjomba wa Absalom akafariki, nao wakasafiri kwenda Sondu kwa mazishi. Perez alivaa gauni lile la inchi thelathini na nne. Mara tu walipofika, mama mkwe wake, Mama Ajwang, alimshika mkono na kumpeleka nyuma ya jikoni, mahali ambapo sufuria za wageni zilikuwa zikioshwa. Aliwaambia wanawake waliokuwa pale waende wakachote maji. Alipoona wamebaki wawili, akasema:

"Nyathina," yaani mwanangu, "dawa unapata?"

"Dawa gani, Mama?"

"Siku hizi ziko. Si kama zamani. Mtu anakunywa, anafanya kazi yake, anazeeka. Usinionee haya mimi."

Hapo ndipo Perez alipoelewa njugu, asali, na jina lake kwenye maombi. Akaeleza kwamba haumwi, kwamba amepunguza mwili mwenyewe, kwa kutembea na kula kidogo, na kwamba amefurahi. Mama Ajwang alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho yasiyopepesa ovyo.

"Kwa kusudi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Kwa kusudi."

"Mimi nimezika watoto wawili wenye shingo kama hiyo yako," Mama Ajwang akasema. "Hakuna aliyepungua kwa kusudi."

 Akapakua ugali na kipande cha samaki, akamwekea Perez kwenye kigoda, na yeye akaketi mbele yake. Perez alikuwa amekwisha kula mlo wake wa siku ile. Alitazama mikono ya mkwewe iliyokuwa imelala magotini, akamkumbuka mama yake na bakuli la uji. Akala. Akala wote. Mama Ajwang aliposimama na kwenda kuwapokea wageni wengine, Perez alibaki pale kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi akasikia njaa yake yote, kana kwamba ilikuwa imefungiwa chumbani na sasa komeo limetolewa. Akaingia jikoni, akajipakulia tena.

Kesho yake walipitia Pap Onditi kumsalimu mama yake mzazi, aliyekuwa amezeeka sana.  Mama alimtazama binti yake mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaenda akachinja kuku.

Tangu siku hiyo Perez hakuweza tena. Hakukata shauri la kuacha. Alijaribu kurudi kwenye mlo mmoja, akashindwa siku ya pili, akajaribu tena Jumatatu iliyofuata, akashindwa adhuhuri. Alikuwa akiamka akiwaza chakula na kulala akiwaza chakula. Kisha korona ikaja, kanisa likafungwa, sherehe zikakoma na hakukuwa na mtu wa kushonewa nguo. Akakaa nyumbani pamoja na watoto, akipika. Absalom naye alikuwa na desturi ya kurudi jioni na mgongo wazi, yale mabaki ya samaki wa mbuta yaliyotolewa minofu na kukaangwa hadi yakawa makavu, akimwekea mkewe kipande kikubwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu Perez alikuwa na kilo mia moja na sita. Gauni la inchi thelathini na nne alilikata akamshonea binti yake Sheryl blauzi, asilione tena.

Kile kilichomuuma hakikuwa kilo zenyewe. Ni kwamba watu walifurahi. Mama Kageha alimshukuru Mungu kwa sauti. Wateja walimwambia amerudisha afya. Perez alikuwa akitabasamu na kushukuru, na akibaki peke yake anajiuliza ni mwili upi hasa ambao ungewaridhisha watu hao, maana mnene walimcheka na mwembamba walimlilia.

Agneta ndiye aliyegundua kwamba kuna jambo lingine. Perez alikuwa akinywa maji jagi kwa jagi na kutoka kwenda msalani kila nusu saa. Siku moja Agneta alimwona akijaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano mara tano, sita, saba, kisha anaiweka sindano chini na kujifanya anatafuta mkasi. Alipomwambia aende hospitali, Perez akasema atakwenda akishapungua kidogo. Agneta akafunika cherehani chake kwa kitambaa, akachukua mkoba wake na wa Perez, akasimama mlangoni.

"Unataka kwenda kwa daktari ukiwa umepona?" akamwuliza. "Twende, Mama Sheryl."

Ilikuwa kisukari. Mhudumu wa kwanza aliyempa habari hiyo alikuwa na foleni ndefu mlangoni, na alichomwambia ni kwamba mama, punguza kula. Perez akasema asante. Njiani alinunua mandazi manne na kuyala yote akitembea, machozi yakimtoka, na Agneta akatembea kando yake bila kumzuia.

Wiki iliyofuata alitakiwa kumwona mtaalamu wa lishe, na ilibidi Agneta amburute tena. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Simiyu, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu upande mmoja. Perez alipomwona tu alikata tamaa, akajua mtu huyu hajawahi kubanwa na suruali yake. Alikaa akingojea kusemwa. Simiyu hakumwuliza anakula nini. Alimwuliza ni mara ngapi amewahi kupungua, na kilo ngapi kila mara.

Perez akamwambia. Kumi na moja za kabichi. Tisa za chai. Ishirini na mbili za kutembea. Simiyu akaandika, akajumlisha, akageuza karatasi ili Perez aone.

"Arobaini na mbili," akasema. "Mama, mtu aliyeshusha kilo arobaini na mbili si mvivu. Nani alikuambia wewe ni mvivu?"

Perez akalitafuta jina la mtu huyo kichwani. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amejiambia mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja. Akalia pale kwenye kiti cha plastiki, na Simiyu akasogeza karatasi za chooni karibu naye, akaendelea kumweleza kwa utaratibu. Akasema mwili haujui habari za gauni wala kwaya. Ukinyimwa ghafla, hudhani njaa imeingia nchini, basi hupunguza matumizi yake na kumwongezea mtu hamu, na hali hiyo hudumu muda mrefu hata baada ya mtu kurudi kula. Ndiyo maana kilo hurudi na wenzake. Akasema kuzishusha ni kazi, lakini kuzizuia zisirudi ni kazi kubwa kuliko hiyo, na ni ya siku zote, na hakuna anayeifanya bila kuteleza. Asingemwomba afike kilo sabini. Angemwomba mambo machache: ameze vidonge, apunguze ugali ufike nusu na kuongeza mboga, atembee kadiri magoti yanavyotaka, aache soda.

"Na uje kila mwezi kupimwa," akamaliza. "Hata ukiwa umeongeza. Nataka uje hasa ukiwa umeongeza."

Jioni ile Perez alimweleza Absalom yote, mbele ya chakula. Alimwambia pia, kwa mara ya kwanza, maneno ya Mama Ajwang nyuma ya jikoni kule Sondu. Absalom aliacha kula. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema kwamba mama yake alimpigia simu juma lile lile la mazishi akamwambia akapimwe. Naye alikwenda, kwa siri, akangojea majibu kwenye benchi saa mbili, akaambiwa hana kitu, na hakumwambia mke wake kwamba alikwenda.

"Uliniwazia hivyo?" Perez akauliza.

"Niliogopa. Kila asubuhi ulikuwa ukitoka kutembea, nikawa naangalia mgongo wako unavyoisha." Akasukuma sahani yake kando. "Uliponenepa tena nilifurahi. Wale samaki wa kukaanga nilikuwa nawaleta kwa sababu hiyo, Perez. Nilitaka ubaki hivyo."

Perez hakusema naye siku mbili. Alimpikia, alimfulia, lakini maneno alimnyima. Alihesabu jioni zote za mgongo wazi, zile alizodhani ni mapenzi, na akili yake ikamwambia kwamba mume wake alikuwa akimziba njia huku yeye akihangaika kuitafuta. Siku ya tatu alikuwa akikata kitambaa kibandani, Agneta akamwuliza kulikoni, naye akamsimulia.  Agneta mwenyewe mume wake alimleta Kisumu, akakaa naye miaka mitatu, kisha akahamia mji mwingine bila kuaga. Akasema kwamba mume wake hakuwahi kujua hata anapenda kula nini. Hakusema kwa kumlaumu Perez. Alisema tu, kisha akarudi kukanyaga cherehani.

Perez alirudi nyumbani akamwambia Absalom kwamba kama anaogopa, aogope kwa mdomo, amwambie, asiogope kwa samaki. Na kama anataka kuleta samaki, alete wabichi, wapikwe kwa nyanya. Absalom akakubali. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeandamana naye kwenda Dunga siku za Jumamosi, akitembea nyuma kidogo, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ujenzi.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na miezi aliyoshuka kilo moja, na miezi ambayo mizani haikusogea hata nukta, na mwezi mmoja aliopanda mbili kwa sababu ya harusi tatu mfululizo. Lakini sukari ilishuka. Macho yakarudi, akaweza kutia uzi bila kujificha. Kwa mwaka mmoja na miezi minne alishusha kilo tisa, akafika tisini na saba, na kwa mtu aliyewahi kushusha ishirini na mbili katika miezi kumi zilionekana chache. Agneta akamkumbusha kwamba zile ishirini na mbili zilirudi zote.

Walipokwenda Sondu tena, Perez alimfuata Mama Ajwang jikoni kabla hajafuatwa. Akamweleza kwamba ana kisukari, kwamba atapungua polepole, na kwamba kila atakapokuja atamwonyesha kadi yake ya kliniki ili asiwe na wasiwasi. Mama Ajwang hakujua kusoma, lakini aliipokea kadi, akaishika mbali na macho, akaifuata mistari kwa kidole hadi chini. Akamrudishia. Alipopakua chakula, alikata ugali kwa mwiko, akamtazama mkwe wake, akaukata tena.

Kisha ikaja Desemba. Watoto wote walikuwa nyumbani, na mama yake Perez akaugua, akalazwa wiki mbili. Perez aliishi kwenye benchi la hospitali akila kilichopatikana kwenye vibanda vya nje. Chips, soseji, chai ya sukari. Mama akapona, mwaka ukaisha, na Perez hakuhitaji mizani kujua, kwa sababu ukanda wa sketi ulimwambia. Tarehe ya kliniki ilikuwa Jumanne ya pili ya Januari. Asubuhi ile aliketi kwenye cherehani na kuanza kushona sare za shule, kazi nyingi ya msimu, akasema kwa sauti kubwa kwamba leo hawezi kutoka, wateja watamla mbichi. Agneta hakuinua kichwa. Saa nne zikapita. Saa tano Perez alikuwa ameshona mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia. Aliufumua, akaushona tena vilevile. Basi akainuka, akavua tepu shingoni, akachukua mkoba.

"Mwambie mwenye shati arudi saa tisa," akasema.

"Nitamwambia."

Alifika akiwa wa mwisho kwenye foleni. Akapanda mizani na viatu, akashuka, akavivua, akapanda tena. Kilo mia moja kamili. Simiyu, ambaye sasa alikuwa na miwani mipya, aliandika nambari ile kwenye kadi chini ya zile nyingine, kwa kalamu ile ile na kwa mwandiko ule ule. Akamwuliza hali ya mama yake. Akampima sukari kidoleni, akasema imepanda kidogo ila si ya kutisha, na wakazungumza kuhusu kile mtu anachoweza kubeba nyumbani akijua atakaa kwenye benchi la hospitali siku nzima. Viazi vitamu, Perez akapendekeza. Mayai ya kuchemsha. Simiyu akaongeza karoti.

"Nilifikiri hutakuja," akamwambia alipokuwa akimwandikia tarehe ya Februari.

"Hata mimi," Perez akasema.

Absalom alikuwa akimngoja nje ya lango, ametoka stoo kwa ruhusa ya saa moja. Hakumwuliza nambari. Perez akamtajia mwenyewe, na uso wake alipoutazama hakuona furaha wala hofu, au kama zilikuwapo alikuwa amezishikilia. Wakaenda pamoja hadi kwa wachuuzi wa samaki, wakanunua ngege wawili wabichi, na wakabishana njia nzima kuhusu kama watoto watatosheka na hao.